Buro ikihama, anwani isipotee
Jinsi ya kutayarisha ruta inayotenganisha utambulisho na mahali



Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Mei, wakuu wa jimbo waliomba wakaaji wa kartye 10 kati ya 18 za mji wa Goma waondoke mara moja. Wengine walienda Sake, wengine Rutshuru, wengine walivuka ziwa hadi Minova na Bukavu. Buro yetu ilikuwa katika moja ya kartye hizo. Tulipakia mashine kubwa inayohifadhi habari zetu zote, tukaifunga ndani ya blanketi mbili, tukapanda nayo boti.

Bukavu tulipokelewa vizuri na shirika rafiki. Tulipata chumba, umeme na intaneti. Tuliwasha mashine, nayo ikawaka. Tulifikiri kazi imekwisha. Kumbe ndipo matatizo yalipoanza.

Vituo vyetu vya vijijini hupokea habari kutoka kwa kamati za amani: ugomvi wa shamba, mifugo iliyoibiwa, vijana wanaokusanyika usiku. Vituo hivyo huziandika na kuzituma kwenye mashine yetu kubwa. Kila kituo kilikuwa kimeandikiwa ndani ya ruta yake anwani ya Goma, na anwani hiyo ilikuwa imebaki Goma pamoja na mfanyabiashara wa intaneti aliyetupa. Ilibidi tupige simu kituo kwa kituo, tumfundishe kila mwenzetu kubadilisha namba kwa mkono. Kituo kimoja cha nyanda za juu hakikupatikana kwenye simu. Kwa siku tisa kiliendelea kutuma habari mahali ambapo hapakuwa tena na mtu wa kuzisoma.

Mojawapo ya habari hizo ilieleza juu ya jamaa mbili zilizokuwa zikigombania shamba, na vijana walioanza kulala nje na mapanga. Tuliisoma siku ya kumi. Nyumba tatu zilikuwa zimekwisha kuchomwa. Sisemi kwamba ruta ingezima moto ule. Lakini wazee wa upatanishi wangetumwa mapema, na sisi tungekuwa tunajua.

Makala hii inaeleza tulichojifunza baada ya hapo. Imeandikwa kwa ajili ya mafundi na wasimamizi wa mashirika yenye buro zaidi ya moja, katika inchi ambamo kuhama si jambo la ajabu.

Tatizo liko wapi?

Kila mashine iliyo kwenye intaneti ina namba inayoitwa anwani ya IP. Namba hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza inajibu swali: wewe ni nani? Pili inajibu swali: uko wapi? Ruta za dunia zinasoma sehemu ya mwanzo ya namba ili zijue upande gani wa kupeleka ujumbe. Ndiyo sababu ukibadilisha mfanyabiashara wa intaneti, au ukihama mji, unapewa namba nyingine. Kwa macho ya mtandao umekuwa mtu mwingine, hata kama mashine ni ile ile na watumishi ni wale wale.

Sisi watu wa simu ya mkono tumezoea jambo tofauti. Ukitoka Goma ukafika Bukavu, namba yako ya simu haibadiliki. Kinachobadilika ni mnara unaokuhudumia. Kampuni ya simu ina daftari ndani ya mashine zake: namba hii, leo iko chini ya mnara fulani. Mtu akikupigia, mtandao unauliza daftari kwanza, halafu unapeleka simu kule uliko. Anayekupigia hahitaji kujua kama umevuka ziwa.

Basi swali ni hili: je, intaneti ya buro inaweza kufanya vilevile? Jibu ni ndiyo.

LISP ni nini?

Mnamo Oktoba 2006 wataalamu wa intaneti walikutana Amsterdam, Uholanzi, kuzungumzia hofu moja. Orodha ya njia ambazo ruta kubwa za dunia zinapaswa kukumbuka ilikuwa inazidi kuongezeka, na moja ya sababu ni huko kuchanganya utambulisho na mahali ndani ya namba moja. Baada ya mkutano huo, Dino Farinacci na wenzake walitunga utaratibu unaoitwa LISP. Uliandikwa rasmi kama jaribio mwaka wa 2013, katika hati RFC 6830. Mwezi wa Oktoba 2022 ulichapishwa upya katika RFC 9300 na RFC 9301, safari hii ukiwa katika njia ya kuwa kanuni kamili.

Wazo lake ni rahisi. Badala ya namba moja yenye kazi mbili, kuna namba mbili:

- EID ni anwani ya utambulisho. Hii ndiyo inayopewa kompyuta za buro. Haibadiliki hata mkihama.
- RLOC ni anwani ya mahali. Hii ni ya ruta yenu kwa upande wa intaneti. Inatoka kwa mfanyabiashara wa intaneti wa mji mlipo, nayo inaweza kubadilika kila siku.

Katikati ya namba hizo mbili kuna daftari linaloandika: EID hii, leo iko nyuma ya RLOC ile. Kompyuta zenyewe hazijui lolote juu ya mambo haya. Ni ruta tu inayobeba kazi yote.

Safari ya ujumbe mmoja

Tuseme kituo cha Kalehe kinataka kutuma habari kwenye mashine ya Goma.

1. Kompyuta ya Kalehe inatuma ujumbe kwa anwani ya utambulisho ya Goma, kwa mfano 10.20.1.5.
2. Ruta ya Kalehe inaona kwamba haijui 10.20.1.5 iko wapi. Inauliza daftari.
3. Daftari linapeleka swali hilo kwa ruta ya Goma yenyewe, nayo inajibu: niko kwenye 203.0.113.7.
4. Ruta ya Kalehe inaweka ujumbe mzima ndani ya bahasha nyingine, inaandika juu yake 203.0.113.7, na kuutuma kwenye intaneti.
5. Ruta ya Goma inapokea, inafungua bahasha, inatoa ujumbe wa ndani na kuupeleka kwenye mashine.

Jibu lililopatikana linahifadhiwa kwa muda na ruta iliyouliza, ili isiulize tena kila mara.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, ruta moja kwa kila buro, inayojua LISP. Sisi tulitumia ruta za Cisco zilizokwisha tumika, zenye programu ya IOS inayokubali kazi hii. Hakikisheni kabla ya kununua, kwa sababu si kila aina inaijua. Kwa wasio na uwezo huo, kuna programu ya bure, Open Overlay Router, inayofanya kazi kwenye mashine ndogo zenye Linux au OpenWrt.

Pili, mahali pa kuweka daftari. Ruta au mashine hiyo lazima iwe na anwani ya mahali isiyobadilika, umeme wa kudumu, na isimame pale ambapo hapana hatari ya kuhama. Ni vizuri kuwa na mbili katika miji miwili.

Tatu, mpango wa namba. Kaeni pamoja mgawe EID kabla ya kugusa mashine yoyote. Kwetu: Goma 10.20.1.0/24, Bukavu 10.20.2.0/24, Kalehe 10.20.3.0/24. Uandikeni kwenye karatasi, kila buro ibaki na nakala.

Nne, ombeni mfanyabiashara wa intaneti asizuie milango ya UDP 4341 na 4342. Wa kwanza unapitisha bahasha zenye ujumbe, wa pili unapitisha maswali na majibu ya daftari.

Hatua ya kwanza: kutayarisha daftari

Anwani zinazofuata ni za mfano tu. Wekeni zenu. Kwenye ruta inayoshika daftari tuliandika hivi:

router lisp
 site GOMA
  authentication-key SiriYaGoma
  eid-prefix 10.20.1.0/24
  exit
 site KALEHE
  authentication-key SiriYaKalehe
  eid-prefix 10.20.3.0/24
  exit
 ipv4 map-server
 ipv4 map-resolver

Kila buro ina jina lake, neno lake la siri na namba zake. Mistari miwili ya mwisho inaiambia ruta ishike daftari na ijibu maswali. Usitumie neno moja la siri kwa buro zote. Nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya pili: kutayarisha ruta ya buro

Kwenye ruta ya Goma tuliandika hivi:

router lisp
 database-mapping 10.20.1.0/24 ipv4-interface GigabitEthernet0/0 priority 1 weight 100
 database-mapping 10.20.1.0/24 ipv4-interface GigabitEthernet0/1 priority 2 weight 100
 ipv4 itr map-resolver 192.0.2.1
 ipv4 itr
 ipv4 etr map-server 192.0.2.1 key SiriYaGoma
 ipv4 etr map-cache-ttl 60
 ipv4 etr

Tusome pamoja. Mistari miwili ya database-mapping inasema: namba za utambulisho za buro hii zinapatikana kupitia matundu haya mawili ya ruta. Tundu la kwanza linaenda kwenye faiba, la pili kwenye antena ya satelaiti. Priority yenye namba ndogo ndiyo inayotangulia. Faiba ikikatika na tundu lake likizimika, njia ya pili inachukua kazi. Mkitaka njia zote mbili zifanye kazi pamoja, zipeni priority moja, halafu weight itagawa mzigo.

Angalieni jambo moja kubwa: hatukuandika anwani ya mahali. Tuliandika jina la tundu tu. Hivyo ruta itachukua anwani yoyote itakayopewa na mji wowote, na kuitangaza. Hapo ndipo faida yote ilipo kwa buro inayohama.

Mistari ya itr ni ya kutuma: inasema tumwulize nani. Mistari ya etr ni ya kupokea: inasema tujiandikishe kwa nani, na kwa neno gani la siri. Ruta hujiandikisha upya kila sekunde 60. Daftari likikaa dakika tatu bila kusikia, linaifuta. Namba 60 kwenye map-cache-ttl ni dakika: bila mstari huo, buro nyingine zinaweza kushikilia jibu la zamani kwa saa 24.

Mwishoni ruta iwe na njia ya kawaida ya kutokea kwenye intaneti. Msiandike njia za mkono kuelekea namba za buro nyingine, kwa sababu ruta ikiona njia kamili haitauliza daftari. Katika programu mpya za Cisco mistari hii imepangwa kwa namna nyingine kidogo, lakini maana yake ni ile ile.

Hatua ya tatu: kuhakikisha

Kwenye ruta ya daftari andika show lisp site. Buro zote zinapaswa kuonekana zimejiandikisha. Kwenye ruta ya buro, jaribu ping 10.20.3.1 source 10.20.1.1. Usihofu ukiona ya kwanza imepotea: ruta ilikuwa bado inauliza. Halafu andika show ip lisp map-cache, uone majibu iliyohifadhi. Ukitaka kuliuliza daftari moja kwa moja, tumia lig 10.20.3.1.

Matatizo tuliyoyakuta

*Ujumbe mdogo unapita, mkubwa haupiti.* Bahasha ya nje inaongeza baiti 36. Ujumbe wa baiti 1500 uliojaa hauingii tena njiani. Barua fupi zilifika, lakini picha na ripoti ndefu zilikwama, nasi tulipoteza siku mbili tukilaumu satelaiti. Dawa yake ni mstari ip tcp adjust-mss 1400 kwenye tundu la upande wa kompyuta.

*Intaneti ya simu.* Makampuni ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ruta iliyo nyuma ya anwani ya namna hiyo inaweza kuuliza, lakini haipokei bahasha. Ombeni anwani ya wazi, hata kwa kulipa zaidi kidogo.

*Kumbukumbu ya zamani.* Buro ikihama ghafla, nyingine zinaweza kuendelea kutuma kwenye mahali pa zamani hadi muda uishe. Ukiweza kumpata mwenzako kwa simu, mwambie aandike clear ip lisp map-cache. Usipompata, mambo yatajirekebisha yenyewe kabla ya saa moja na nusu. Hiyo ndiyo tofauti na zile siku tisa.

*Daftari likizimika.* Buro zilizokwisha kuulizana zitaendelea kuzungumza kwa muda, lakini hakuna jibu jipya. Ndiyo sababu nilisema mbili.

Nani anashika daftari?

Hapa nawaomba wasimamizi wasome, si mafundi peke yao.

Tunaposuluhisha ugomvi, mara nyingi tunakuta hatari ya kuchanganya mtu na mahali: fulani anakaa upande ule wa mto, basi ni mmoja wao. Kutenganisha mambo hayo mawili ni sehemu ya kazi yetu. Lakini kuyatenganisha hakuondoi swali la mahali. Kunalihamisha tu, kunaliweka ndani ya daftari. Na anayeshika daftari anajua kila buro imekimbilia wapi.

Siku chache kabla ya Goma kutekwa na kundi la M23 mwishoni mwa Januari 2025, tulihamisha mashine yetu tena. Ruta na mashine zilienda katika mji ambao sitautaja. Mwenzetu alichomeka nyaya, na dakika chache baadaye daftari lilikuwa na anwani mpya. Vituo havikubadilisha hata namba moja. Baadhi ya wenzetu wa vituo hawakujua kwamba tumehama mpaka tulipowaambia.

Lakini usiku huo nilijiuliza: nani mwingine anaweza kuuliza daftari letu? Tuliangalia, tukakuta kwamba lilikuwa linamjibu yeyote kwenye intaneti anayejua kuuliza. Tulifunga mlango huo kesho yake. Ninyi fungeni tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo:

- Daftari lipokee maswali kutoka kwa ruta zenu tu. Anwani za mahali zikibadilika, rekebisheni orodha hiyo.
- Kila buro iwe na neno lake la siri. Anayeshika neno la Kalehe anaweza kujitangaza kuwa Kalehe na kupokea barua zake. Kama maneno yote ni moja, anaweza kujitangaza kuwa buro yoyote.
- Ruta ikiibiwa au ikichukuliwa kwa nguvu, badilisheni neno lake siku ile ile kwenye daftari.
- LISP peke yake haifichi maneno yaliyo ndani ya bahasha. Anayesimama njiani anaweza kuyasoma. Kwa habari za kamati za amani, zenye majina ya watu, ongezeni ulinzi wa IPsec juu yake, au msitume kabisa.
- Daftari lisishikwe na mtu mmoja. Kwetu wanashika wawili, katika miji miwili, na kila mabadiliko yanaandikwa.

Kwa kumalizia

Kazi hii ilituchukua wiki tatu kwa buro sita, na sehemu kubwa ya muda huo ilienda kwenye kupatana juu ya mpango wa namba. Mistari ya ruta ni michache, mmeiona. Kama shirika lenu lina buro mbili tu, anzeni na hizo. Halafu fanyeni jaribio la kweli: chomoeni ruta ya buro moja, ipelekeni nyumbani kwa mtumishi mmoja wakati wa amani, iwasheni, mhesabu dakika. Mkishindwa siku hiyo hakuna atakayeumia, na mtajua cha kurekebisha.

Msisubiri boti.